Gari Linalozaa Oili

Sehemu ya sita

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kando ya Barabara ya Multan, trafiki ananiandikia faini kwa kosa la kuuchafua mji wa Lahore. Mwezi wa Novemba, ndugu zangu. Mwezi ambao Lahore nzima imefunikwa moshi, jua lenyewe linachomoza likiwa limechoka, shule zimefungwa na watu wamejifunga vitambaa puani. Katika moshi wote ule, trafiki akauona wangu.

"Moshi wako ni wa bluu, bwana," aliniambia. "Wa wenzako ni wa kijivu."

Nikamshukuru kwa kunitofautisha na wenzangu.

Kwa aliyeingia sasa hivi: mimi naitwa Tauqeer, wakala wa bima. Kazi yangu ni kuwaeleza watu wenye furaha kwamba mabaya yatawapata. Nina mke, Shagufta, na binti mmoja, Areeba, anayesoma chuo Multan. Baba yangu, Mzee Inayat, dereva mstaafu wa basi, anaishi nasi hapa Samanabad tangu mama alipofariki.

Nilipofikia umri ambao wanaume wenye akili hununua viatu vya kutembelea asubuhi, mimi nilinunua gari la michezo. La Kijapani, jekundu, milango miwili, viti viwili, lina turbo, na limelala chini kiasi kwamba kutoka ndani yake ni lazima umshike mtu mkono. Aliyeniuzia ni shemeji yangu Khizar, kaka yake Shagufta, mwenye duka la spea kule Montgomery Road.

Mwanzoni lilikwenda vizuri. Halafu likaanza kuvuta sigara.

Fundi wa kwanza, Mukhtar, mnamkumbuka. Hakufungua hata boneti. Alisimama nyuma ya bomba la moshi akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayenusa biriani ya jirani.

"Moshi mweupe ni maji," akasema. "Mweusi ni petroli. Wa bluu ni oili. Wako ni wa bluu. Sasa niambie, unatoka lini? Ukitoka asubuhi unapowasha tu, ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni. Ukitoka unapoondoka kwenye taa baada ya kungoja, ni turbo."

"Unatoka wakati wote."

"Basi ni turbo."

"Kwa nini turbo?"

"Kwa sababu turbo ninayo."

Akabadilisha turbo, akamwaga oili ya zamani, akatia mpya. Gari likatoka gerejini safi kama bwana harusi. Nikamsifia Mukhtar mtaa mzima. Hata wiki mbili hazikutimia, bwana harusi akarudia sigara.

Wa pili alikuwa Injinia Saqlain, ambaye ana cheti ukutani na hapendi kuitwa fundi. Alipoambiwa habari za Mukhtar alicheka kwa huruma, jinsi daktari anavyocheka akitajiwa mganga. Akapima kompresheni, nguvu ya mgandamizo wa injini, silinda moja baada ya nyingine. Zote nzima. Akafungua bomba la hewa, akatia kidole, kidole kikatoka kimelowa oili.

"Ringi hazina neno," akasema. "Hizi ni sili za valvu. Yule bwana wako alikutibu mguu, wewe unaumwa sikio."

Akabadilisha sili, akamwaga oili, akatia mpya. Moshi ukakata. Nikamsifia Injinia mtaa mzima, na mtaa ukaanza kunitazama kwa wasiwasi. Halafu ndio akaja yule trafiki.

Sasa tuendelee.

Mtu aliyepigwa faini hutafuta wa kumlaumu, na wa karibu huwa ni shemeji. Niliondoka pale moja kwa moja hadi dukani kwa Khizar. Palikuwa na wateja wamejaa mpaka kizingitini. Nikaona ni vizuri, mashahidi wapo.

"Shemeji," nikasema, "umeniuzia maiti ukaipaka poda."

Wateja wakageuka. Khizar alikuwa anampimia mtu mkanda wa feni. Ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, na siku ile upole wake uliniudhi kuliko ambavyo matusi yangeniudhi.

"Kaa, shemeji," akasema. "Chai inakuja."

"Sitaki chai. Nataka useme mbele ya hawa watu kwamba hukujua injini imekufa."

Akanitazama. Akatazama rafu ya makopo ya oili nyuma yake. Akanitazama tena.

"Siwezi kusema kitu mbele ya watu, shemeji," akasema.

Mimi kwa akili zangu za bima nikaona hapo amekiri. Nikawaambia wateja watafute duka lingine, nikatoka. Nje gari likanipa moshi wa kuagana, wingu zima, likawaingilia dukani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuufurahia.

Nyumbani habari ilikuwa imenitangulia.

"Baba Areeba," Shagufta akasema, hata viatu sijavua, "kaka yangu ana mabaya yake. Anakoroma, anachelewa kila shughuli, na akipika nihari, mchuzi wa nyama tu, hata paka anaomba radhi. Lakini si mwizi."

"Sikusema ni mwizi."

"Umesema ni muuza maiti. Afadhali ungesema mwizi."

Tangu hapo akaacha kusema nami. Akawa anazungumza na birika. "Mwambie chai iko tayari," analiambia birika. Birika halikuniambia kitu, ila chai nilikunywa.

Baba peke yake ndiye aliyebaki upande wangu, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Kila jioni aliniuliza, "Injini inaendeleaje?" kama mtu anayemwulizia mgonjwa. Nikimwambia bado inatoa moshi, anatikisa kichwa. "Ipe muda," anasema. "Injini ni kama mnyama, haipendi kelele."

Nikampigia Injinia Saqlain nikamwambia aipasue injini yote, aniandikie kilichoiua, nikamtupie shemeji usoni.

"Kabla ya kupasua," akasema, "tujue inakula oili kiasi gani. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi na gari limesimama mahali tambarare, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena, usome alama. Itakuwa inashuka. Tutajua inashuka kwa kasi gani."

Nilifanya hivyo. Asubuhi ya kwanza oili ilikuwa juu ya alama ya juu. Nikafurahi, nikajua gari lina afya. Ya pili ilikuwa juu zaidi. Ya tatu kijiti kilitoka kimelowa hadi shingoni.

"Injinia," nikasema kwenye simu, "inaongezeka."

"Moshi?"

"Oili."

Nikasikia anaweka spana mezani.

"Unakisoma kijiti kichwa chini?"

"Nina shahada, Injinia."

"Ndiyo maana nauliza."

Akaniambia huenda petroli inavuja na kuingia kwenye oili, niinuse. Nikainusa. Haikuwa na harufu ya petroli hata kidogo. Ilikuwa safi, inang'aa kama samli ya sikukuu, kama imetoka dukani jana.

"Basi hakuna maajabu," akasema, na sauti yake ikapungua cheti kidogo. "Kuna mtu anaiongeza. Oili ikizidi, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya pistoni, inaipiga mpaka inakuwa povu. Povu linapanda kwenye bomba la kupumulia, linaingia njia ya hewa, linaungua. Huo ndio moshi wako. Kila tulipomwaga oili tulimwaga na ile ya ziada, gari likapona, tukajipongeza. Kisha huyo mtu akaanza upya."

"Kwa hiyo turbo ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Nilishakwambia yule si fundi."

"Na sili za valvu?"

"Sili tusizizungumzie."

"Na mlipokuwa mnamwaga, hamkuona kwamba imezidi?"

"Nani anapima oili anayokwenda kuimwaga, Bwana Tauqeer?"

Nikakata simu, na moyo wangu ukajaa raha ambayo sijawahi kuipata hata siku ya ndoa. Mtu anaongeza oili. Nani anauza oili? Khizar. Nani anaingia nyumbani kwangu apendavyo, kwa kisingizio cha kumsalimia dada yake? Khizar. Nani hakuweza kusema kitu mbele ya watu? Nilishaimaliza kesi kabla ya kuifungua.

Nikampigia Mjomba Farzand, mjomba wao Shagufta na Khizar, mzee ambaye ukoo mzima unamwogopa kwa sababu hasemi mpaka amalize kutafuna. Nikamwomba aje Jumapili asubuhi, na Khizar aje, tuyamalize.

"Yapi?" akauliza.

"Utayasikia, mjomba."

"Kutakuwa na halwa na puri?"

"Zitakuwepo."

"Nitakuja."

Kilichobaki ni kumkamata mhalifu mkono ukiwa ndani ya boneti. Jumamosi niliaga kama naenda kwa mteja, nikazunguka mtaa, nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikajifungia stoo ambayo dirisha lake linatazama uani, gari lilipo. Nikakaa juu ya gunia la mchele nikiwa na simu tayari kwa picha. Shagufta alikuwa kwa jirani. Adhuhuri ikapita. Nikasikia adhana ya alasiri, nikasikia baba anatawadha, anaswali, anakohoa. Nikasinzia.

Kilichoniamsha ni mlio wa boneti.

Nikachungulia. Alikuwa baba.

Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Mtu ambaye nyumbani hafungui hata chupa ya dawa bila kusaidiwa alikuwa ameinua boneti ile nzito kwa mkono mmoja na kuitegemeza kwa fimbo yake pasipo kutazama. Alikunja ukurasa wa gazeti ukawa mrija, akautia mahali pake barabara. Kopo la oili akalitoa chini ya shali. Akasema bismillahi, akamimina polepole, bila tone kudondoka pembeni.

"Kunywa, bibie," akaiambia injini. "Tukishavuka mto Jhelum ni milima mitupu. Huko hakuna wa kutupa oili."

Basi lake la kwenda Pindi, mji wa mbali kaskazini, enzi zile lilikuwa kuukuu. Lilikunywa oili kuliko maji. Kila safari, kabla abiria hawajapanda, alilinywesha kopo zima. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto na nimeizoea kiasi kwamba siisikii tena.

Nikatoka stoo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mwizi, na yote yalikuwa ya Khizar, hakuna hata moja la kumfaa baba.

"Baba," nikasema.

Akageuka. Uso wake ukachangamka.

"Rafaqat," akasema. "Mizigo ya juu umeifunga?"

Rafaqat alikuwa kondakta wake. Nilibebwa mgongoni kwenda kwenye mazishi yake.

Mimi ninayeuza bima ya maisha, ninayejua jedwali la kila ugonjwa na umri wake, nilisimama uani kwangu na simu iliyotayarishwa kwa picha, na nikagundua kwamba kwa miezi kadhaa baba aliponiuliza "injini inaendeleaje" sikuwahi kumwuliza injini ipi.

"Nimeifunga, mzee," nikasema.

"Kamba mbili?"

"Mbili."

"Vizuri. Waambie wanaotaka chai wanywe haraka."

Akafunga boneti, akafuta mikono, akaingia ndani kulala. Alipoamka magharibi aliniita kwa jina langu, akalalamika chumvi imezidi kwenye dengu.

Sikumwambia Shagufta. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu hasemi nami na birika haliwezi kubeba habari nzito kama ile. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kupiga hesabu. Nikisema, mtaa wote utajua kwamba Mzee Inayat, aliyeendesha basi miaka yote ile asimwangushe hata kuku wa mtu, akili zinamtoka. Watoto watamfuata nyuma wakimpigia honi za mdomo. Nisiposema, Khizar atabaki muuza maiti. Na Khizar ana mabega mapana, na ni shemeji tu. Ndivyo nilivyolala, ndugu zangu. Nililala vizuri, jambo ambalo bado linanisumbua.

Jumapili wakaja. Mjomba Farzand akakaa kwenye kochi kubwa, akavuta sahani ya halwa. Khizar akakaa karibu na mlango, mikono mapajani. Shagufta akasimama kando ya pazia linalotenganisha sebule na chumba cha baba, akiwa amemkazia macho kaka yake, si mimi. Puri, vile vikate vya kukaanga, zilikuwa za moto. Hakuna aliyezigusa ila mjomba.

Alipomaliza kutafuna akasema, "Haya. Tauqeer, wewe ndiye uliyeita watu."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimetayarisha kauli laini: kwamba gari ni chuma tu, kwamba undugu ni muhimu, kwamba tusameheane bila kuchimba. Ni kauli ambayo mtu huitoa anapotaka kusamehewa pasipo kusema kosa.

Khizar akaniwahi.

"Mjomba, asijisumbue," akasema. "Nakiri. Injini ilikuwa mbovu tangu mwanzo na nilijua. Nitalichukua gari, nitamrudishia chake. Na naomba radhi."

Shagufta akashika pazia.

"Khizar," akasema, "unasema nini?"

"Nasema nilivyosema, dada."

"Kwa hiyo mume wangu alisema kweli?"

"Alisema kweli."

Mjomba Farzand akaweka kijiko chini. Katika ukoo ule hilo ni tukio. Akamtazama Khizar kwa namna ambayo mtu humtazama mbwa wake aliyemuuma mgeni.

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yangu: nilikuwa nimeshinda, baba amesalimika, gari linaondoka. Ningeweza kuchukua puri na kula. Lakini nilijua anadanganya. Injini ilikuwa nzima, Saqlain alikuwa ameipima silinda zote. Mtu hajivishi kosa ambalo halipo bila sababu. Halafu nikamwona Shagufta anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akiwa amempa mgongo kaka yake, na mgongo ule nilistahili kupewa mimi.

"Shemeji anadanganya," nikasema.

Mjomba akanigeukia. "Juzi ulisema alikudanganya alipokataa kusema. Leo anadanganya akikiri. Huyu mtu afanye nini?"

"Injini ni nzima, mjomba. Kuna mtu anaizidishia oili. Na si Khizar."

Khizar akainuka nusu. "Shemeji, acha."

"Ulijua?"

"Nimesema acha."

"Ulijua, Khizar?"

Akaketi. Alitazama pazia, akashusha sauti mpaka ikawa kama anazungumza na viatu vyake.

"Alikuja dukani," akasema. "Peke yake, kwa miguu, kutoka hapa mpaka Montgomery Road. Akasema, nipe kopo la oili, basi linaondoka. Nikadhani anatania, nikampa. Akaja tena. Siku ile akaniita jina la mtu nisiyemjua, akaniuliza kama mizigo nimeifunga. Mara ya tatu nikamnyima. Nikamwambia hakuna oili. Akasema sawa, akatoka, nikamwona anavuka barabara kubwa kwenda duka la ng'ambo, kati ya malori, hatazami kushoto wala kulia. Nilikimbia mpaka kiatu kikanitoka. Tangu siku hiyo nikimwona anakuja nampa kopo, nafunga duka, namrudisha kwa rikisha mpaka kona ya mtaa ili ajione amerudi mwenyewe."

Akanigeukia.

"Ningekwambia," akaendelea. "Nilikwenda dukani asubuhi ile nimeshapanga kukuita pembeni nikwambie. Halafu ukaingia, ukaniita muuza maiti mbele ya wateja. Ningesema nini pale, shemeji? Kwamba si mimi, ni baba yako? Mbele ya wale?"

"Na baada ya pale?"

"Baada ya pale," akasema kwa upole wake ule ule, "nilikuwa nimekukasirikia."

Nikaona aibu kiasi kwamba nilitamani turbo ipasuke itusaidie. Nimezoea kulipa watu fidia ya ajali, wizi na moto. Kwa mtu aliyekimbia barabarani bila kiatu kumwokoa baba yako, halafu ukamfukuzia wateja, kampuni yetu haina fomu.

Pazia likasogea.

Baba alikuwa amesimama pale na fimbo yake, kanzu imefungwa vifungo vyote. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Macho yake yalikuwa makali na mazima, macho ya mtu aliyekuwa akijua kwa mlio tu gurudumu lipi limepungua upepo.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Tukatazama sakafu, sote. Hata mjomba.

"Khizar. Mara ngapi?"

"Si nyingi, mzee."

"Usinidanganye. Mimi nimebeba abiria kutoka kila wilaya, wewe unauza vifuniko vya tangi. Mara ngapi?"

"Nyingi, mzee."

Akatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya nikimwambia moshi bado upo. Akavuta kiti akakaa kati yetu, akachukua puri moja ambayo ilikuwa imeshapoa, akaila yote bila haraka. Tukamngoja. Shagufta akamtilia chai, machozi yakimdondoka.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Sijafa. Nimepotea njia tu, na nimeambiwa." Halafu akanigeukia. "Tauqeer, nipeleke kwa daktari."

"Kesho asubuhi, baba. Leo Jumapili."

"Leo. Sasa hivi. Kabla sijasahau kwamba nimekubali."

Khizar alikuwa wa kwanza kuinuka. Alitoka hadi uani na suti yake ya Jumapili, akalala chali chini ya lile gari jekundu, akalegeza nati ya oili, akaiacha ya ziada ishuke kwenye beseni la Shagufta la kufulia, akafunga, akapima, akafuta kijiti kwa leso yake mwenyewe. Nilisimama juu yake nikitafuta neno.

"Shemeji," nikaanza.

"Nishike mkono niinuke," akasema. "Hayo mengine tutayasema siku ambayo hujavaa uso huo."

Nikamwinua. Alikuwa mzito, na oili imemchirizika hadi kwenye kola.

Baba alikataa kupanda gari la mjomba. Alitaka hilo hilo. Tulimshusha kwenye kiti kama watu wanaotia barua ndefu kwenye bahasha fupi. Nikawasha. Likatoa wingu la bluu la yale yaliyobaki kwenye mabomba, majirani wakafunga madirisha yao kwa desturi, tukaondoka.

Njiani alikuwa mchangamfu. Alinikosoa nilivyobadilisha gia. Akasema injini ina sauti nzuri, tatizo ni dereva tu. Akaniambia daktari akimwuliza tarehe nisimnong'oneze. Nikacheka, na yeye akacheka, na nikafikiri pengine mambo si mabaya kama nilivyoyaogopa. Pengine kuna dawa, pengine ni uchovu, pengine ni ukiwa wa mama.

Taa za Chauburji zikatukuta nyekundu. Nikasimama. Nikatazama kioo cha nyuma. Nikatazama tena. Nyuma yetu palikuwa na ule moshi wa kijivu wa mji mzima, wa kwetu haukuwepo.

"Umeona, baba?" nikasema. "Moshi umekata."

Nilipogeuka nikamkuta ananitazama kwa adabu, kama abiria anavyomtazama dereva ambaye hajawahi kuonana naye.

"Kijana," akasema, "samahani kwa kukusumbua. Ukifika Badami Bagh niteremshe hapo stendi. Mwanangu ananisubiri."

Mikono yangu ikabaki kwenye usukani.

"Mwanao," nikasema. "Ni mtu wa namna gani?"

Akaegemea kiti, akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa jambo alilongoja muda mrefu mtu amwulize.

Taa ikawaka kijani. Honi zikaanza nyuma, pikipiki zikapita kushoto na kulia, mtu mmoja akatoa kichwa dirishani akanitukana mimi, gari langu na aliyeniuzia. Sikuondoka.

"Yule?" akasema baba, akainama karibu ili wenye honi wasimsikie. "Nikwambie ukweli?"